Nilimpima mpwa wangu miguu kwa kipimapembe, nikamharibia mwendo

Wakuu, salamu kwenu. Haya ni yangu mwenyewe, siongezi chumvi wala sijisafishi.

Nnakaa Chukwani kwa dada yangu mkubwa. Ana binti wa miaka minne, tumwite Salma. Akitembea, vidole vya miguu vinaangalia ndani. Akikimbia hujikwaa, anaanguka, anainuka anacheka, anaendelea.

Dada akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja wa makamo. Akamlaza kifudifudi, akamkunja magoti, akaichezesha miguu huku na huku. Akasema ni kawaida kwa umri wake, itanyooka akikua.

Mimi nikauliza, "Kapima kwa jicho tu?"

Mnanijua humu, siamini kitu mpaka nione namba.

Nikatoa kipimapembe changu cha sekondari. Nikamlaza Salma mkekani, magoti yamekunjwa, nyayo zinaangalia dari. Miguu ikiangukia nje, digrii 65. Ikija ndani, 30.

Nikaandika: nyonga inazunguka nje 65, ndani 30. Nikalinganisha na chati ya mtandaoni. Nikaona kama nyonga zinafunguka nje kiasi hicho na vidole bado viko ndani, basi mfupa wa chini ya goti umepinda, na yule mama kazembea.

Nikachora mstari wa chaki ukumbini. Kila alasiri Salma anatembea juu yake. "Nyoosha vidole. Rudia."

Wiki tatu.

Dada akisema, "Mwache mtoto acheze," namjibu kuwa hili ni suala la vipimo, si la huruma. Naandika hapa uso umenishuka.

Nikamchukua dada na daftari langu hadi kwa yule mama. Akasoma, hakukasirika.

"Mwanangu, hebu lala wewe."

Nikalala. Akanikunja goti, akausukuma mguu nje. "Shika paja lako. Linazunguka wapi?"

Ndani.

Wakuu, ukilala kifudifudi na goti limekunjwa, mguu ukienda nje ndiyo nyonga inazunguka ndani. Nilikuwa nimeandika kinyume. Na chati yenyewe ilikuwa ya watu wazima, kumbe watoto wana vipimo vyao, vinabadilika na umri.

Akamwambia dada atembee kidogo. Vidole ndani. Mtu mzima, ana watoto, hakuna aliyewahi kuona.

"Msomi," dada akaniambia, "na mimi utanichorea mstari?"

Nilipofika nyumbani niliufuta kwa maji na sabuni.

Sikukuu ikaja, nikampeleka Salma viwanjani, kanzu mpya ya kike, viatu vipya. Watoto wote wakakimbilia bembea. Yeye akabaki kanishika mkono, anaangalia chini.

"Kimbia, mama."

"Mjomba, mstari uko wapi?"

Kuuliza maswali sitaacha. Lakini siku hizi nnaanza kwa kuuliza kama mimi mwenyewe nimeelewa nnachokipima, na sijifunzii tena kwenye mwili wa mtoto.

Wazazi na wataalamu mliomo humu, nisemeni mtakavyo. Ila anayejua namna ya kumsahaulisha mtoto miguu yake, aniandikie. Bado anatembea akiitazama.