Luciana na Kawaida za Shemeji

Ukitaka kumchefua Luciana wa kijiji cha Msanzi, anza maneno yako na "kwa kawaida". Neno hilo alilisikia tangu utotoni mpaka akalichoka. Alipotaka kuendelea na shule, kwa kawaida binti husubiri kaka zake wamalize kwanza. Alipoolewa, kwa kawaida mke haulizi mavuno yameuzwa wapi. Na mumewe Fabiani alipofariki, hata kabla watu wa matanga hawajatawanyika, shemeji yake Modesti aliweka chini kikombe cha togwa, akajifuta mdomo.

"Shemeji, kwa kawaida shamba la marehemu linarudi kwa ndugu zake. Nimeshamkodishia Shija. Jumatatu analeta ng'ombe."

Shija alikuwa Msukuma mwenye maksai wa kulimia, mtu asiye na ugomvi na yeyote. Na shamba lenyewe lilikuwa hilo hilo moja, ndilo lililomlisha Luciana na wanawe.

"Shamba hilo lilipokuwa pori, Fabiani alilifyeka na nani?" Luciana aliuliza.

Modesti alicheka, akachukua tena kikombe chake.

Luciana hakwenda kumlilia mtu. Alikuwa na hasira, na hasira yake aliipeleka shambani. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha, majani yamefika kiunoni, wakati wenyewe wa ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia majani ndani yake yaoze yawe mbolea, kisha hupanda maharage juu yake. Alianza upande mmoja na jembe la mkono, dada yake Kalista upande wa pili. Walipiga matuta mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hata Jumapili hawakwenda kanisani, Mungu awasamehe. Shamba zima likajaa matuta.

Jumatatu Shija alisimamisha maksai wake ukingoni, Modesti akiwa kando yake. Luciana alikuwa ameketi juu ya tuta la kwanza, jembe magotini.

"Mzee Modesti, uliniambia shamba halina mtu," Shija alisema.

"Wewe pitisha plau. Hayo ni majani tu."

Luciana hakusogea. Shija alimtazama, akayatazama matuta.

"Mimi sivunji kazi ya mtu. Kesho watakuja kuvunja yangu." Akawageuza ng'ombe wake, akaondoka.

Modesti alibaki amesimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Sasa utakula matuta, shemeji?"

"Nitakula maharage," Luciana alisema. "Na wewe ukitaka kula, njoo na jembe."