Chupa ya Kimchi Niliyoifukia Kwenye Taka

Jamani, nimekosa. Sina wa kumsingizia. Uongo ulitoka kinywani mwangu mwenyewe, tena mara mbili, na nusura umuue rafiki yangu wa kufa na kuzikana.

Naishi Lewisville, huku Texas. Tuko wanawake watatu tunaopikiana kwa zamu kila Jumapili: mimi, Mama Neema wa Bukavu, na Mwanaidi wa Tanga. Mwanaidi akipika biriani utajing'ata ulimi. Na mimi kwa mashindano sijambo! Nikatangaza kwenye grupu la WhatsApp kwamba zamu yangu nitapika mchuzi wa kimchi, ule wa kwenye tamthilia za Kikorea tunazoangalia wote, na kimchi yenyewe nitaichachusha kwa mikono yangu.

Nikanunua kabichi ya Kichina, nikatia chumvi, pilipili na vitunguu saumu, nikatuma na picha. Wiki tatu najisifu tu. Siku ya kufungua, lo! Imeota ukungu. Badala ya kusema ukweli tucheke yaishe, nikakimbilia duka la Wakorea nikanunua chupa iliyo tayari.

Pale dukani nilisoma lebo nikitafuta neno moja tu, nguruwe, kwa sababu Mwanaidi ni Mwislamu. Sikuliona, nikaridhika. Nyumbani nikamimina kimchi kwenye bakuli langu, chupa nikaifukia kwenye debe la taka chini ya maganda ya vitunguu.

Jumapili mchana wakaja. Nikaikaanga kimchi, nikatia nyama ya ng'ombe ya bucha la halali, nikamimina maji niliyooshea mchele kama wafanyavyo Wakorea, mwisho vipande vya tofu, ile ya maharage ya soya. Nyumba nzima ikanukia. Mwanaidi ameshika kijiko, akaniuliza, "Shoga, humu hakuna kamba wa baharini? Unajua mimi nina allergy. Sindano yangu ya dharura hii hapa kwenye mkoba."

Debe la taka lilikuwa hatua tatu kutoka mezani. Ningeweza kwenda kusoma. Lakini ningeitoaje chupa mbele ya watu niliowatumia picha?

"Nimetengeneza mwenyewe, shoga. Kula bila wasiwasi."

Akala. Tena akaongeza! Haukupita muda akaanza kujikuna shingo, akakohoa. "Koo linanibana. Uko sure lakini?"

Nikalitupia jicho debe la taka. Nikasema, "Pilipili hiyo, kunywa maji." Naye akaniamini. Mkono uliokuwa unaelekea kwenye mkoba ukachukua glasi. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Mama Neema akapiga kelele, "Dada, uso yake inavimba! Ita ambulance, vite, haraka!"

Midomo ilikuwa imetutumka, pumzi inakoroma. Nikaliparamia debe la taka, nikamwaga maganda sakafuni, nikaitoa chupa. Kamba waliotiwa chumvi! Imeandikwa waziwazi kwenye lebo.

"Ni kamba, Mwanaidi! Jichome sindano! Nilinunua dukani, nimekudanganya!"

Aliitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Kusema hakuweza. Mama Neema ndiye aliyemchoma sindano pajani. Mimi nilikuwa nimeshika simu, naongea na watu wa ambulance, hata namba ya nyumba yangu nimeisahau.

Alilazwa, akapona. Mungu mkubwa! Nilimwomba msamaha pale kitandani huku nalia.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini nilipokuuliza mara ya pili, ulikuwa unaniona ninavyokohoa."

 

Bado tunakutana. Zamu yangu ikifika Mwanaidi anakuja, anakaa, anacheka nasi. Ila chakula chake anakuja nacho kwenye hotpoti kutoka kwake. Hataki kuniaibisha, husema yuko kwenye diet. Nami kila mara namwekea sahani, na kila mara nairudisha kabatini ikiwa safi kama nilivyoitoa.

Ndugu zangu, mtu akikuuliza ndani ya sufuria kuna nini, mwambie. Kama hujui, sema hujui, nenda kasome, hata kama ni kwenye taka! Aibu yangu ya kununua dukani ingekwisha kwa kicheko siku ileile. Ile sahani safi sijui nitaacha lini kuirudisha kabatini.