Kurasa za Mwisho za Madamu

Miaka ile nilikuwa nikimtunza bibi mmoja Mfaransa huko Laurel, Marekani, nyumbani kwa binti yake. Zamani alitunga michezo ya kuigiza na hadithi za mapenzi, vile vitabu vya bei nafuu ambavyo watu husoma kwenye treni na kuviacha humo humo. Sasa alikuwa amesahau kwamba aliwahi kuandika. Nilimwita Madamu, naye aliniita mwanangu, maana jina langu lilikataa kumkaa kichwani.

Kifaransa nilikisoma Bukavu, tena kwa viboko. Binti yake, mzaliwa wa huko, hakukijua, kama wanangu wanaonijibu Kiingereza nikiwasemesha Kiswahili. Kwa hiyo kusoma kukawa kazi yangu. Kilikuwa kimebaki kitabu kimoja tu, alichokitunga Madamu mwenyewe. Nikifika penye mazungumzo, alinyanyua kidole nipaze sauti.

Siku moja tulimfikisha msichana wa hadithi kituoni, ana barua mbili za wanaume wawili, hajui apande treni ipi. Hapo kitabu kikaishia. Gundi ilikuwa imekauka na kurasa za mwisho zilishapotea.

"Akaenda kwa nani?" Madamu akauliza.

Akauliza kesho yake, na keshokutwa. Daktari alishasema hatafika kiangazi, na katika dunia nzima alitaka kujua hilo tu. Nikaenda maktaba. Mama wa pale akatafuta kwenye kompyuta, akaniambia mwandishi huyo hayupo. Hayupo vipi, nami nimemwacha nyumbani anakunywa supu! Nilitoka nimefura kwa hasira.

Mwenzangu Mkenya, tuliyepokezana zamu, akanicheka. "Si umshow tu waliget married! Atajuaje?"

Nikatunga harusi. Niliisoma huku nimekodolea macho jalada tupu, na aibu imenijaa. Madamu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakunja uso.

"Uongo. Yule hawezi kuolewa. Haikuandikwa hivyo."

Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamshika mikono.

"Iliandikwaje, Madamu? Niambie."

Akafungua kinywa. Naapa niliona kitu kinamjia, midomo ikaanza kutafuta neno. Halafu kikamponyoka, akabaki kunitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Nitajuaje, mwanangu? Mwenye kitabu ni wewe."