Leo ni Jumanne, Uko Ihumwa

Devota Chilongani ana pengo mbele, jino moja la juu, na ukimuuliza atakujibu kwamba alilimeza pamoja na mlenda. Uongo mtupu. Jino lile lilivunjwa na kijiko. Alianguka kifafa kanisani, wazee wawili wakamkandamiza mikono, wa tatu akamsukumia kijiko mdomoni asije akameza ulimi. Ulimi haumezwi, lakini nani alijua? Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuwa mlangoni, nimekusanya kanga yangu tayari kwa mbio.

Nayasema haya mwenyewe kabla hajayasema mwingine. Naitwa Tereza, fundi cherehani, na kibanda changu kinatazamana na cha Devota hapa Ihumwa. Yeye ni mama ntilie. Miaka sita tumeazimana chumvi na kiberiti, na kila alipoanguka nilikimbia. Ndivyo tulivyolelewa: povu likikugusa, nawe umekipata. Kwao Kibakwe, akiwa binti wa miaka kumi na miwili, aliangukia mafiga yenye moto, na watu wakangoja povu likauke ndipo wakamvuta. Ngozi ya mkono wake wa kushoto imejikunja mpaka leo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni huyo alikuwa Khalidi, Mrangi wa Kondoa, mrefu na mpole, aliyekuja na mafundi wa reli. Huko kazini walikuwa wamefundishwa huduma ya kwanza. Mara ya kwanza Devota kuanguka mbele yake, Khalidi alikuwa na tonge mkononi. Sisi tukatawanyika kama kuku. Jamaa mmoja tu ndiye aliyebaki, akaanza kuvua kiatu ili amnusishe, eti ndiyo dawa.

“Vaa kiatu chako, ndugu yangu,” Khalidi akamwambia. “Nisaidie kusogeza hili benchi asijigonge.”

Akavua kizibao chake cha kazi, kile cha rangi ya chungwa, akakikunja na kukiweka chini ya kichwa cha Devota. Akatazama saa. Hakumshika mikono, hakumtia kitu mdomoni. Mtikisiko ulipokwisha akamlaza ubavu ili mate yatoke, kisha akakaa vumbini kando yake. Devota alipofumbua macho, Khalidi akamwambia polepole, “Uko Ihumwa. Leo ni Jumatano. Umeanguka dakika mbili, sasa uko salama. Mimi naitwa Khalidi.”

Jioni ile Devota alikuja kwangu, akakaa kando ya cherehani. “Dada Tereza,” akasema, “tangu nizaliwe nimekuwa nikiamka naona migongo ya watu. Leo nimeamka nikaona uso.”

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Khalidi akawa anakula sahani mbili na kuosha zote mbili. Devota akaanza kucheka bila kuziba pengo. Kila mwezi walikwenda pamoja kuchukua dawa, na akisahau kumeza, Khalidi alimgombeza: dawa ni ya kila siku, si ya siku ya kuanguka. Hivyo miezi minane. Kisha kazi ikahamia mbele, naye akaenda Kondoa kuzungumza na mama yake kuhusu ndoa. Alipiga simu mara moja tu ya maana. “Dini wangeizungumza, Devota. Ugonjwa wameukataa.” Baada ya hapo simu zikawa chache, halafu namba ikawa haipatikani.

Kizibao kilibaki. Devota alikuwa akiniletea nikishone, na hakikuwa kimechanika popote. Alitaka tu mtu wa kuzungumza naye habari za Khalidi. Na ikipita rangi ya chungwa barabarani, upawa ulisimama hewani.

“Huyo ni bodaboda,” nilimtania. “Mpakulie mteja wako.”

Alicheka, akapakua, lakini macho yake yalimfuata yule bodaboda hadi alipopotea. Nilimkasirikia Khalidi. Nilijikasirikia mimi zaidi. Siku moja tukichambua mboga nikamwomba anieleze yote aliyokuwa akifanya yule mtu, hatua kwa hatua.

“Ya nini?”

“Niwe najua tu.”

Jumanne ya wiki iliyopita Devota alikuwa amekosa dawa siku mbili. Saa tano asubuhi nikasikia sufuria ikidondoka. Wateja walikuwa wameshakimbia, na nisidanganye, hata miguu yangu ilikwisha piga hatua tatu upande usio wake. Ndipo nikaukumbuka ule mkono wake ulioungua. Nikarudi, nikamvuta kwa gauni mpaka mbali na moto, nikachomoa kizibao kwenye msumari wa kibanda chake, nikakiweka chini ya kichwa. Nikatazama saa. Zingepita dakika tano, ningeita gari la hospitali. Zilikuwa tatu, na Kwaresima nzima ni fupi kuliko hizo dakika tatu. Alipotulia nikamlaza ubavu. Mate yake yakanitiririkia kwenye kiganja, nikayaacha yatiririke.

Akafumbua macho nusu. Nikasema nilichokariri. “Uko Ihumwa. Leo ni Jumanne. Umeanguka dakika tatu, sasa uko salama.” Ilibaki sehemu ya jina, nikakwama.

Devota akazika pua kwenye kizibao, akatabasamu, pengo na yote.

“Khalidi,” akasema. “Umerudi.”

Mimi ninayesemwa mtaa mzima kwa mdomo wangu, sikumsahihisha. Nilimwachia huyo Khalidi wake kidogo. Nikamshika mkono, na vidole vyake vikaanza kupapasa vyangu kimoja kimoja, taratibu, vikafika kwenye kastabini yangu ya kushonea. Vikasimama hapo.

“Ni wewe, dada Tereza.”

“Ni mimi, mdogo wangu.”

Machozi yakamtoka bila sauti. Roho iliniuma. Ningejua alipo Khalidi, ningemfuata hata kwa miguu.

“Wateja wanarudi,” nikasema. “Wanataka kula.”

“Usiondoke.”

Sikuondoka. Niliwaambia wajipakulie wenyewe, nami nikabaki pale chini, mkono wangu mmoja kwake, na wake wa pili umekumbatia kizibao.