Ndege wa Mia na Kumi na Nane

Mwaka 1987, masika yakiwa yamekolea, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, nilifiwa na mume wangu. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Aprili, saa tisa alasiri, nyumbani kwetu Kanoni, baada ya kuugua tumbo kwa wiki tano. Tulimzika kesho yake ndani ya migomba, mahali alipopachagua mwenyewe. Ninaziandika tarehe hizi kwa sababu ndizo zilizokaribia kunitoa katika nyumba yangu.

Sikusoma utotoni. Baba yangu alikuwa mfugaji, na kazi yangu ilikuwa kusafisha na kufukiza vibuyu vya maziwa. Nilijifunza kusoma na kuandika mwaka 1975, nikiwa mama wa mabinti wawili, katika darasa la watu wazima lililofanyika siku za Jumanne na Alhamisi. Mwalimu wetu alikataa kusahihisha insha isiyo na tarehe. Wenzangu walinung'unika, mimi nilipenda. Nilikuwa nimeishi miaka thelathini na mmoja bila kuweza kuthibitisha hata siku moja kati ya hiyo.

Mume wangu alirudi kutoka vitani mwaka 1979 akiwa na darubini ambayo upande wake mmoja ulikuwa umepasuka. Aliitumia kuchungulia mbuzi waliovamia mibuni. Jumapili tarehe 11 Novemba mwaka huohuo nilimwomba anipe nijaribu, nikaielekeza bondeni, kwenye mafunjo. Palikuwa na mdiria juu ya unyasi mmoja. Miaka yote nilikuwa nimemwona kama nukta ya buluu inayopita. Sasa alikuwa mbele yangu kabisa, mdomo mwekundu, kishungi kimesimama, samaki mdogo akipigwa kwenye unyasi mara tatu kabla ya kumezwa. Nilitoa ukelele. Mume wangu akadhani ni nyoka.

Siku hiyo nilifungua daftari. Niliandika namba za kurasa zote, moja hadi tisini na sita, kama tulivyofundishwa, kisha nikaandika: Na. 1, tarehe, saa, mahali, idadi. Nilijiwekea sheria moja. Ndege niliyemwona kwa macho yangu alipata namba. Niliyemsikia tu aliandikwa kurasa za mwisho, bila namba, akisubiri. Asiyefuata ndege hawezi kujua moyo unavyodunda pale ambapo rangi isiyojulikana inajitokeza kati ya majani, nawe huna hakika kama itakaa hata kwa pumzi mbili. Kila asubuhi, nikirudi na miguu iliyolowa umande, mume wangu aliniuliza akinywa uji, "Leo umeniletea wageni wangapi?"

"Wawili. Mmoja namfahamu."

"Basi huyo si mgeni, huyo ni shemeji."

Kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu ndani, kilianzia barabarani na kuishia kwenye mstari wa miramura, ile mimea ambayo kwetu hupandwa kuonyesha mpaka na ambayo haiondolewi hata mtu akihama. Ng'ambo ya mstari huo kulikuwa na kipande cha bondeni, kilicho chetu pia, tulikolima maharage na viazi vitamu mpaka ukingoni mwa mafunjo. Katikati ya miramura palikuwa na pengo la upana wa mtu mmoja. Nilipita hapo kila siku kwa miaka saba na miezi mitano.

Katika ukoo wa mume wangu, mjane hashiki jembe wala havuki mstari wa miramura mpaka matanga yaanuliwe. Akivuka kabla, anahesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe katika nyumba ya marehemu. Sheria hiyo niliijua. Ninalisema hili wazi ili mtu asinitetee kwa ujinga nisiokuwa nao.

Jumatano tarehe 22 Aprili, siku ya pili baada ya Jumatatu ya Pasaka, niliamka kabla ya wanawake waliokuja kulala nami msibani. Mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimekaa kizingitini, sina machozi wala njaa, nikiyatazama majivu, ndipo niliposikia sauti kutoka mafunjoni. Ilikuwa kama mluzi mnene, na mwishoni mwake mkwaruzo, na vyote viwili vilifuatana upesi mno hata nikadhani ni koo moja. Kisha mluzi ukaja kutoka kushoto na mkwaruzo kutoka kulia, nikaelewa kwamba walikuwa wawili, mmoja akianza na mwingine akimalizia.

Kwa miaka yote sikuwahi kuisikia sauti ile.

Nilichukua darubini. Nilipita pengoni peku, nikiwa na kitambaa changu cheusi cha msiba. Nilisimama ukingoni mwa mafunjo, maji yakiwa yamenifika kwenye vifundo vya miguu, nikasubiri. Akatoka mmoja: mgongo mweusi, kifua chekundu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona kikiwa hai, na utosi wa njano. Mwenzake akamfuata. Niliwatazama mpaka mkono ulioshika darubini ukachoka. Halafu nikageuka kuelekea nyumbani ili nikamwambie.

Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua nne tano hivi nilipokumbuka kwamba hakuna wa kumwambia.

Nilirudi ndani na kuandika, ukurasa wa 71: "Jumatano, 22 Aprili 1987. Saa moja na dakika kumi asubuhi. Bondeni, ukingoni mwa mafunjo. Wawili, dume na jike nadhani. Na. 118."

Matanga yalianuliwa Jumamosi tarehe 16 Mei. Watu walikuwa wamekaa uani, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imekwisha kuzunguka mara mbili, ndipo mdogo wake marehemu aliposimama. Alikuwa mtu mcheshi, na mpaka siku ile tulikuwa tukitaniana vizuri.

"Shemeji," alisema, "kuna mwanamke alikuwa anakata mafunjo ya mikeka, wiki ile ya Pasaka. Anasema aliona kitambaa cheusi kimesimama majini. Uso hakuuona. Je, ulikuwa mzimu au ulikuwa wewe?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha.

"Usinijibu leo," akaendelea. "Ukoo ukae. Na daftari lake liletwe. Huyu mama huandika hata kunguru akikohoa."

Kikao kilipangwa Jumamosi tarehe 20 Juni. Kama ingeamuliwa kwamba nilijitoa, nyumba, kibanja na bonde vingekwenda kwake, kwa kuwa sikuzaa mtoto wa kiume. Mabinti zangu walikuwa wameolewa, mmoja Rugera, mwingine Kibingo. Ningekwenda kwa mmoja wao na kulala katika chumba cha watoto, nikiomba chumvi katika jiko ambalo si langu, na kaburi lingebaki huku likilimiwa pembeni na mtu mwingine. Niliwaza hayo nikimenya ndizi, nikifagia, nikisali. Nilikuwa nikisahau kula mpaka moto unazimika wenyewe.

Jirani yangu, mwanamke aliyekuja na wazazi wake kutoka Burundi kufanya vibarua vya kahawa, ndiye pekee niliyemwonyesha ukurasa.

"Chana, mama," alisema.

"Kurasa zina namba. Sabini na moja ikikosekana, mtoto wa darasa la pili ataona."

"Mpe mbuzi ale. Useme ni mbuzi."

"Mbuzi amekula ukurasa mmoja tu, katikati, akaacha nyingine?"

"Mbuzi wako naye kasoma elimu ya watu wazima." Alicheka peke yake, kisha akanishika mkono. "Mama, ndege hana kesi. Hatakuja kukushtaki kwamba hukumwandika. Futa, ukae kwako."

Nilinunua daftari jipya. Kwa alasiri tisa nilinakili yote, namba moja hadi ya mwisho, kwa kalamu mbili ili wino utofautiane. Mistari ya majonzi niliinakili, ya furaha niliinakili. Nilipofika ukurasa wa 71 niliruka. Nilijaza nafasi kwa kuachanisha maneno. Ndege wa 119, kozi niliyemwona akiwa juu ya mti wa kanisa baada ya matanga, akawa wa 118. Nilipomaliza niliyalinganisha madaftari mawili, nikaona kazi ilikuwa safi. Niliyatia yote mawili katika kikapu kimoja, jipya juu.

Tarehe 20 Juni walikaa wazee saba. Aliyewaongoza alikuwa baba mdogo wa marehemu, mzee mpole, aliyekuwa amenipokea siku ya harusi yangu.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Swali ni moja. Ulivuka, au hukuvuka?"

Nilitia mkono kikapuni bila kutazama. Daftari jipya lilikuwa na pembe kali. Nililigusa, nikalishika. Chini yake nikagusa pembe laini za lile la zamani, lililolowa umande miaka saba. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichouongoza mkono wangu. Sikuwaza habari ya ukweli kama wanavyousema kanisani. Niliwaza kwamba asubuhi ile, katika siku zote tangu kifo chake, ndiyo pekee niliyokuwa hai, na kwamba nikiifuta nitakuwa nimebaki na kibanja bila mtu wa kukaa ndani yake.

Nililitoa la zamani. Nilisimama, nikasoma ukurasa wa 71 kwa sauti, pamoja na saa na dakika.

Shemeji akapiga mapaja. "Kumbe kaandika kweli! Mimi nilikuwa namtania!"

Waliokaa nyuma waliangua kicheko. Mzee hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, karibu kwa hasira, "Kwa nini hukusema hapana, mwanangu? Yule mwanamke hakuuona uso. Tulikuja hapa ili useme hapana."

Nilikaa chini. Ilipofika saa nane walikuwa wameamua kwamba nimejitoa. Nilipewa muda mpaka mavuno ya vuli, kisha nihame.

Nilipeleka shauri mahakama ya mwanzo. Sitaeleza miezi ile yote. Shauri liliahirishwa mara nne, na kila mara nilitembea kwenda na kurudi, nikipita mbele ya watu waliokuwa wakiiga mlio wa ndege nikishawapa mgongo. Vuli ilinyesha. Shemeji hakungoja; alilima bondeni na kufyeka mafunjo ya ukingoni. Niliacha kushika darubini. Tangu Juni hadi Februari sikuandika ndege hata mmoja, na kuna siku niliona kwamba aliyekufa Aprili hakuwa mmoja.

Hukumu ilisomwa Alhamisi tarehe 10 Machi 1988, masika mengine yakianza. Hakimu alikuwa kijana wa umri wa mabinti zangu. Alilifungua polepole daftari langu la zamani, lililopokelewa kama ushahidi, akasoma kurasa nyingi kuliko zilizohitajika.

"Mama, huyu wa 118 anaitwaje?"

"Sijui, mheshimiwa. Ana namba tu."

Aliandika kitu. Kisha alisema kwamba mtu aliyekwenda kutazama ndege na kurudi saa ileile hajaiacha nyumba yake, na kwamba nyumba na kibanja ni vyangu vya kutumia mpaka nife. Nilifumba macho. Akaendelea. Kipande cha bondeni, kwa kuwa kiko nje ya miramura na ukoo umekwisha kukigawa, kitabaki kwa shemeji. Na ili ugomvi usirudi, pengo lizibwe siku hiyohiyo mbele ya wazee wa baraza.

Nilimwomba karani daftari langu.

"Hiki ni kielelezo, mama. Kinabaki kwenye jalada."

"Ni langu. Lina miaka minane."

"Ni lako, lakini ni la mahakama. Njoo uulize muda wa rufaa ukiisha." Alilifunga kwa kamba pamoja na makaratasi mengine. Niliporudi kuuliza, mwaka huo na mingine miwili, lilikuwa halionekani.

Saa kumi jioni tulikuwa pengoni. Shemeji alichimba mashimo matatu mwenyewe, akasimika vipande vya miramura na kukanyagia udongo kwa kisigino. Wazee wawili walishuhudia.

"Haya, shemeji," alisema akipangusa mikono. "Huku juu kuna kuku. Nao wana mabawa."

Wazee walinipa mkono wa kuniaga, wakaondoka pamoja naye. Nilibaki upande wangu wa mstari. Kikapuni nilikuwa na daftari moja tu, lile jipya, lenye ndege wote isipokuwa wale wawili, na lenye kozi katika namba isiyo yake.

Mafunjo yaliyosalia yalikuwa mbali, upande wa pili wa maji. Kutoka huko ukaja mluzi mnene. Nilisubiri. Mkwaruzo ukafuata, kutoka kulia.

Nilifungua kurasa za mwisho, zile za ndege wasio na namba, nikaandika: "Alhamisi, 10 Machi 1988. Saa kumi na moja kasorobo jioni. Kutoka mpakani. Wawili. Nimewasikia, sikuwaona."