Dawa Inayowasha

Karatasi iliyo ndani ya pakiti ya dawa ya mafua ya binti yangu inaonya kuwa mtoto huenda akawashwa. Naisoma, na uchungu wa klorokwini unanirudi kinywani. Utotoni, mama aliitibu kila homa kwa vidonge hivyo vya malaria, hata ya mafua.

Asubuhi moja, kwenye kizuizi cha barabarani chini ya kilima cha Kibuli, wanajeshi walitushusha garini na baba na mama, wakaamuru tusitikisike. Mgongo ukaniwasha kama nimepakwa upupu.

“Huyu mutoto nacheza nini?” mmoja wao akauliza.

“Ni klorokwini, afande. Inamuwasha,” mama akajibu.

“Hata mimi hiyo dawa nasumbua sana.”

Akachutama, akanikuna mgongo taratibu mpaka wenzake walipompakia baba kwenye lori, likaondoka.

Nikamwambia asante.