Kagua Anataka Tawi la Kufulia

Kiwandani walimwita Kagua, na hata mtaani jina hilo likamganda. Zaidi ya nusu ya umri wake alisimama langoni pa kiwanda cha nguo akipekua mifuko ya watu waliotoka zamu, na kazi hiyo ilimwingia hadi kwenye mifupa. Akisalimiwa kwa uchangamfu kuliko kawaida, alijiuliza huyu leo anataka nini. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa akisema kwamba mume wake akifika peponi atamdai malaika wa mlangoni kitambulisho.

Kiwanda kilipofungwa, alilipwa kiinua mgongo. Hazikuwa pesa za kutisha, ila hakuwahi kushika nyingi kiasi kile, wala hakutarajia kuzishika tena. Akaziweka benki, akakaa nyumbani akimtazama kila aliyebisha hodi kana kwamba amezifuata. Na kweli, wengine walikuwa wamezifuata.

Aliyekuja na jambo la maana alikuwa shemeji yake, mdogo wake Mama Pacha. Alikuwa dalali wa vyumba vya biashara, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno yasiyokatika.

"Shemeji, pesa ikikaa inaliwa na matumizi," alisema. "Kuna ile kampuni ya kufua nguo, yenye maduka ya bluu. Unanunua haki ya kufungua tawi kwa jina lao. Mashine wanakukopesha, kazi wanakufundisha, duka wanakupakia rangi. Jina watu wanalijua tayari. Wewe ni kufungua mlango tu."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi?"

"Kwani yuko nani mwingine hapa?"

Shemeji alicheka kidogo. "Sipati kitu. Nimemfikiria dada yangu."

Jibu hilo ndilo lililomharibia. Dalali asiyepata kitu! Kagua alishasikia uongo wa kila namna pale langoni, lakini huo ulikuwa mgeni kwake.

Hata hivyo wazo lilimkaa. Wakaenda wote wawili kwenye ofisi ya kampuni, na dada mmoja mwenye sauti ya upole akawaeleza. Kuna ada ya kuingia. Kuna mkopo wa mashine. Halafu kila mwezi kampuni inachukua asilimia yake kwenye mauzo.

"Kwenye mauzo, siyo kwenye faida?" Kagua aliuliza.

"Kwenye mauzo, mzee."

"Hata mwezi nikila hasara?"

"Mwezi huo pia jina letu linakuwa ukutani kwako."

Hakuficha kitu, na hilo nalo likamtia Kagua wasiwasi. Wakati wa kuagana aliona shemeji na yule dada wakitabasamiana kama watu waliozoeana, machale yakamcheza. Shemeji alipojitolea kumpeleka kwenye tawi mojawapo akajionee, Kagua alikataa. Ukitaka kumpeleka mtu mahali, mahali hapo umeshapaandaa. Akachagua mwenyewe tawi la mbali, nyuma ya hospitali, akaenda peke yake bila kuaga.

Mwenye tawi alikuwa mama wa makamo mwenye kanga begani. Alimpokea kama baba yake mzazi. Alimwacha afungue mashine, aingize mkono ndani, anuse sabuni. Hakukereka.

"Inalipa, mzee wangu," alisema. "Nimesomesha watoto kwa mashine hizi."

Kagua alipokaa kwenye kiti na kupewa soda baridi, alijikuta anasema ambalo hakupanga kulisema: kwamba aliyemletea habari hizi ni shemeji yake, na haamini nia yake.

"Ndugu ndio wa kuogopwa," yule mama alisema, akashusha sauti. "Yuko na kampuni huyo. Wewe kuwa macho. Na kwa kuwa umenifungulia moyo, nami nikwambie. Nataka kuhamia kwa mwanangu. Tawi hili naweza kukuachia wewe. Wateja wapo, mashine zipo, wala huhitaji dalali katikati."

Kagua alirudi nyumbani kifua mbele, akamsimulia mkewe yote. Mtego wote alikuwa ameuruka. Jioni ile shemeji alipopita kuuliza wamefikia wapi, hakumngoja hata amalize soda yake.

"Mchezo wako nimeujua. Hicho cha juu katafute kwa mwingine."

"Cha juu gani, shemeji?"

"Muulize yule dada wa ofisini, atakukumbusha. Kuiba kwa mgeni ni jambo moja. Kumwibia dada yako tumbo moja!"

Shemeji alisimama. Alimuaga dada yake tu, akatoka.

Mama Pacha aliosha sahani kwanza. Kisha akauliza, "Baba Pacha, duka linalomlipa namna hiyo, huyo mama anakuachia wewe kwa nini? Hana hata mpwa?"

"Anahamia kwa mwanawe."

"Na ameanza kukupenda lini, hata akupe wewe?"

Kagua alisema wanawake wana wivu. Siku iliyofuata mkewe alikunja mablanketi ya nyumbani, akayatia kwenye gunia, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kwa kuwa tawi lilikuwa nyuma ya hospitali, hakudanganya sana.

Alikuta mashine moja inazunguka na nyingine zimefunikwa shuka. Mwenye duka alikuwa amevua viatu, miguu imemvimba. Mama Pacha alitoa mablanketi, akaomba kukaa, na wawili hao wakaanza kuongea kama wanawake waliochoka wanavyoongea.

"Ningekuwa na jina kubwa hivi ukutani, ningelala usingizi," Mama Pacha alisema.

"Usione jina, dada yangu. Sabuni lazima ninunue kwao, na dukani hapo jirani ningeipata kwa nusu ya bei. Mwenye nyumba alipoona rangi mpya akapandisha kodi, akidhani nimeshatajirika. Asilimia yao wanaikata kabla sijalipa umeme. Halafu wamefungua tawi jingine pale stendi, na wateja wangu wamehamia huko."

"Si ufunge?"

"Nikifunga kabla ya mkataba kuisha, nawalipa fidia. Mpaka nipate wa kunipokea." Akasogea karibu. "Ila amejitokeza mzee mmoja. Mkaguzi huyo! Kila kitu anakishika. Lakini nilipomgusia tu ubaya wa ndugu zake, akalainika."

Mama Pacha aliitazama mashine ikizunguka.

"Huyo mzee hana mke?"

"Atakuwa naye. Maskini."

"Anaye," Mama Pacha alisema. "Ndiye uliyempokea mablanketi."

Yule mama akasema kwa sauti ndogo, "Nina watoto, dada."

"Na mimi ninao."

Hawakugombana. Mama Pacha alipoyafuata mablanketi yake, aliyakuta safi, yamekunjwa vizuri, na mwenye duka hakutaka kupokea malipo. Mama Pacha akayaweka malipo juu ya kaunta, akaondoka.

Kagua aliposimuliwa, aliacha chakula kikapoa. Kesho yake alirudi kwenye ofisi ya kampuni kuuliza swali moja tu: shemeji yake angelipwa kiasi gani. Yule dada mpole alisema madalali hulipwa, ndiyo, ila huyu alikuwa ameomba fungu lake lipunguzwe kwenye ada ya kuingia, kwa sababu tawi ni la dada yake. Kagua alishukuru, akatoka. Njiani akajiuliza kama na hayo hayakuwa maneno ya kumrudisha asaini. Akajionea aibu, lakini hakuacha kujiuliza.

Alikwenda kwa shemeji. Walizungumza mlangoni, wamesimama.

"Shemeji, nilikukosea. Yule mama alinijaza maneno."

"Yule mama hajaniita mwizi. Uliyeniita ni wewe."



Tawi hawakulinunua. Walikodi chumba kidogo karibu na nyumba za wageni, wakanunua mashine mbili zilizotumika, wakaandika ukutani neno moja: TUNAFUA. Kagua alidhani wakilikwepa jina wamekikwepa na kilio. Miezi ya mwanzo kodi ya chumba, maji na umeme vilikula kiinua mgongo kama mchwa, mashine moja ikaharibika, na wapita njia wakaendelea kupita. Kilichowashika mkono ni Mama Pacha kuzunguka nyumba za wageni akiomba mashuka, mlango kwa mlango, hadi mbili zikakubali. Sasa duka linajilipia na kubakiza cha mboga. Mwezi mwingine halibakizi.

Shemeji huja dukani kumwona dada yake. Kagua humpa salamu, naye huitikia kwa adabu zote. Akikaribishwa kiti, husema ana haraka.

Juzi mwenye nyumba anayewapangisha chumba alipita, akasimama mlangoni akiyatazama mashuka yaliyorundikana.

"Naona kazi imechanganya, mzee," alisema akitabasamu.

"Tunasukuma tu," Kagua alijibu, akausindika mlango.